DAWA MBILI KATIKA BOMBA MOJA

Pamba si zao la visiwa hivi. Sisi ni watu wa karafuu, nazi, mwani, muhogo na mpunga, na msomaji wa Wete au wa Makunduchi ana haki ya kutuuliza imekuwaje leo safu hii imshughulikie funza wa vitumba vya pamba. Tunamjibu kwamba dawa inayonyunyizwa juu ya pamba huko bara na katika nchi za mbali ni ndugu wa tumbo moja na dawa inayopuliziwa katika kuta za nyumba zetu na kutiwa katika nyuzi za vyandarua tunavyolalia. Lambdasihalothrini ya kunyunyizia pamba na mboga imeuzwa kwa jina la Karate. Ya kupulizia nyumba imeuzwa kwa jina la Icon. Majina ni mawili, sumu ni moja, na mdudu hasomi majina.

Pemba imekwisha kuonja matokeo yake. Tangu mwaka 2006 nyumba za Unguja na Pemba zilianza kupuliziwa dawa hiyo, na vyandarua vyenye dawa ya jamii hiyo hiyo vikagawiwa kwa wingi. Malaria ilishuka kwa namna ambayo wazee wetu wasingeisadiki: katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008, chini ya mtoto mmoja katika kila watoto 100 wa Zanzibar walio na umri wa chini ya miaka mitano ndiye aliyekutwa na vimelea. Haukupita muda mrefu. Wataalamu walipowakamata mbu wa aina ya Anopheles arabiensis huko Pemba na kuwaweka juu ya karatasi iliyotiwa lambdasihalothrini, wengi walibaki hai. Taarifa hizo zilichapishwa mwaka 2013. Mbu wa Unguja, kwa wakati ule, wengi wao walikuwa bado wanakufa. Ikabidi Pemba iiache dawa ile ya ukutani na kutumia bendiokabu, na baadaye pirimifosi-methili, ambazo ni za jamii nyingine na bei yake ni kubwa zaidi.

Hatudai kwamba pamba ndiyo iliyowageuza mbu wa Pemba. Pemba haina pamba, na kutumia dawa za jamii moja mwaka hadi mwaka, katika kuta na vyandarua kwa pamoja, kunatosha peke yake kuleta hali hiyo. Tunachosema ni kwamba wakulima wa pamba wa dunia walikwisha kupita katika njia hii miaka mingi kabla yetu, na hasara zao zimeandikwa. Itakuwa ni uzembe kwa wakubwa wa kilimo na wa afya katika visiwa hivi kutozisoma.

Kwanza tuondoe dhana moja. Husemwa kwamba mdudu "huizoea" dawa, kama mtu anavyoizoea tumbaku. Sivyo. Katika funza elfu wanaoanguliwa shambani, huenda mmoja akazaliwa na vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja sumu mwilini, au na mshipa wa fahamu ambao sumu ile haiushiki sawasawa. Dawa haimfunzi huyu lolote. Kazi yake ni kuwaua wenziwe 999 na kumwachia shamba zima, chakula chote na wachumba waliobaki, ambao ni wa namna yake. Baada ya vizazi kadhaa, na kizazi cha funza katika joto letu ni kama mwezi mmoja tu, yule wa pekee amekuwa ndiye wa kawaida. Kwa hiyo kila anayepulizia huwa anachagua mbegu, kama mkulima anavyochagua mbegu ya mahindi, ila yeye humchagulia adui.

Dawa ya DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, haikupata hata miaka kumi ya ushindi kamili. Kabla ya kwisha miaka ya 1940 nzi wa nyumbani huko Ulaya walikuwa hawafi kwayo. Katika pamba mambo yalikwenda vivyo hivyo, na mara nyingi kwa kishindo. Bonde la Cañete huko Peru lilivuna wastani wa kilo 494 za pamba kwa hekta mwaka 1950, likapanda hadi kilo 728 mwaka 1954 kwa nguvu ya dawa mpya, na mwaka 1956 likaanguka hadi kilo 332, ingawa dawa ilikuwa ikipuliziwa mara nyingi kuliko wakati wowote. Katika bonde la mto Ord, Australia ya Magharibi, kilimo cha pamba kilifungwa kabisa mwaka 1974 kwa sababu funza wa vitumba hakusikia tena dawa yoyote iliyokuwapo.

Mtu anapofikwa na hali hiyo, fikra ya kwanza inayomjia ni kuchanganya. Dawa hii haiui, na ile haiui. Basi tuzitie zote mbili katika bomba moja. Fikra hii haikuanza kwa mkulima maskini asiye na mshauri. Imewahi kuwa mpango rasmi wa miradi mikubwa, na mfano ulio karibu nasi ni wa Sudan.

Mradi wa Gezira, baina ya Nile mbili, ulifunguliwa mwaka 1925, ukawa miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya umwagiliaji yaliyo chini ya usimamizi mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 pamba yake ilipata dawa kama mara moja tu kwa msimu. Funza wa vitumba alipozidi, ukaja mchanganyiko wa DDT na dimethoeti: ya kwanza kwa ajili ya funza, ya pili kwa ajili ya wadudu wanaofyonza utomvu. Kwa karatasi ilikuwa ni hesabu nzuri, kwani ndege moja ingeruka mara moja na kuua maadui wote. Kumbe iliyouawa kwanza ni jamii ya wadudu wasiokuwa na mtetezi katika mipango yetu, yaani buibui, bibiarusi na nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya wadudu waharibifu. Walipoondoka hao, nzi weupe, ambaye hapo kabla hakuwa tishio kubwa, akawa ndiye bwana wa shamba. Alinyonya majani na kumwaga maji yake ya sukari juu ya pamba iliyopasuka, nyuzi zikanata, mitambo ya viwanda ikakwama, na jina zuri la pamba ya Sudan katika soko likaingia doa. Kufikia msimu wa 1978/79 wastani wa kupulizia ulikuwa umepita mara nane kwa msimu. DDT ikaondolewa katika pamba ya huko mwaka 1981. Baadaye watafiti wa Sudan, wakisaidiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walionyesha kwamba mkulima angeweza kusubiri hadi wadudu wawe wengi zaidi kuliko kiwango cha zamani kabla ya kupulizia, na asipoteze mavuno.

Hata hivyo hatutaki msomaji aelewe kwamba mchanganyiko ni kosa kila mahali. Ipo hesabu inayoutetea, nayo ni ya haki. Tuseme katika kila wadudu 1,000 mmoja huhimili dawa ya kwanza, na mmoja mwingine katika 1,000 huhimili dawa ya pili, na sababu zao ni mbalimbali. Atakayehimili zote mbili kwa pamoja atakuwa mmoja katika 1,000,000. Huyo ni nadra kweli, na akipatikana, kuna uwezekano mkubwa atakutana na wachumba wasiohimili, walionusurika katika magugu na mashamba ya jirani yasiyopuliziwa, na uzao wake ukarudi kuwa dhaifu. Lakini hesabu hiyo ina masharti. Dawa zote mbili ziwe bado zinaua. Ziwe za jamii tofauti kweli kweli. Kila moja iwe kwa kipimo chake kamili, na zote zidumu juu ya jani kwa muda ulio sawa, kwani moja ikipotea kwa siku tatu na nyingine ikakaa kumi, basi kwa siku saba shamba lina dawa moja tu.

Sasa tuichukue hali tunayoijua sisi, ambapo dawa ya kwanza imekwisha kushindwa na nusu ya wadudu hawaijali. Hapo mchanganyiko ni mchanganyiko kwa jina tu. Mzigo wote unabebwa na dawa ya pili, na mmoja wake katika 1,000 anachaguliwa upesi vile vile kama kwamba ilipuliziwa peke yake. Mkulima amelipa bei ya dawa mbili, amevuta sumu mbili puani, amewaua bibiarusi mara mbili, na amepata kazi ya dawa moja. Wala hakuna njia ya haraka zaidi ya kuzipoteza zote mbili. Hii ndiyo sehemu ambayo wauza dawa hawaisemi, na kwa nini waiseme?

Wapo waliochanganya kwa ilimu. Nchi za Afrika ya Magharibi zinazolima pamba zilitumia kwa miaka mingi mchanganyiko wa dawa za jamii ya pareto, yaani zile za maabara zilizoiga sumu ya ua la pareto, pamoja na dawa za jamii ya oganofosfati. Katikati ya miaka ya 1990 funza wa vitumba alianza kuzishinda zile za pareto. Nchi hizo zilikaa pamoja kutafuta dawa ya pamoja, jambo ambalo si dogo, maana funza hana pasipoti. Zikakubaliana kwamba mwanzo wa msimu isitumike kabisa dawa ya jamii ya pareto, na mchanganyiko uje baadaye. Utafiti wao ulithibitisha kwamba baadhi ya oganofosfati, kama triazofosi, huvifunga vile vimeng'enya ambavyo funza huvitumia kuvunja sumu ya pareto, hivyo dawa iliyokwisha kufa ikafufuka. Mchanganyiko huo ulikuwa na sababu iliyopimwa. Lakini hata huko palikuwa na gharama: dawa waliyoiteua kwa mwanzo wa msimu ilikuwa endosulfani, na iliua watu katika vijiji vya pamba vya Benin kabla ya kupigwa marufuku. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kuziondoa sumu za kudumu duniani.

Australia ilifanya jambo jepesi zaidi. Usugu kwa dawa za pareto ulipogunduliwa huko Queensland mwanzoni mwa mwaka 1983, wakulima, watafiti na wauza dawa walikubaliana katika msimu uliofuata kwamba dawa hizo zitumike katika muda wa siku 42 tu kwa mwaka, na siku nyingine zote zisiguswe. Muda huo ulikusudiwa ufunike kizazi kimoja cha funza, ili kizazi kinachofuata kikutane na sumu nyingine. Hapakuwa na dawa mpya katika mpango huo. Palikuwa na kalenda, na watu walioifuata.

Sasa turejee kwa mbu, kwa kuwa ndiye aliyetuleta hapa. Huko El Salvador na Nicaragua, ambako pamba ilipuliziwa kwa ndege mara nyingi mno katika miaka ya 1960 na 1970, mbu wa malaria wa huko walikuwa sugu kwa dawa ambazo wenye kazi ya afya walikuwa hata hawajaanza kuzitegemea. Dawa ya shambani ilidondokea katika mitaro na madimbwi, na viluwiluwi vya mbu vikachaguliwa humo pamoja na funza. Katika Burkina Faso watafiti walikuta usugu wa mbu kwa dawa za pareto ukiwa mkubwa zaidi katika maeneo ya pamba kuliko katika yale yanayolima nafaka kwa chakula. Wizara ya Kilimo ilikuwa ikitumia akiba ya Wizara ya Afya bila ya yeyote kutia saini.

Kwetu Tanzania pamba nyingi hutoka katika mikoa inayoizunguka Ziwa Viktoria, na ni huko huko, katika Wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, ambako chandarua cha dawa mbili kilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa. Vyandarua viligawiwa mwaka 2019. Baada ya miezi 24, katika vijiji vilivyopewa chandarua cha kawaida chenye dawa ya pareto peke yake, watoto 46 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Katika vijiji vya chandarua chenye pareto pamoja na klofenapiri, walikuwa 26. Vyandarua vingine viwili vilivyochanganywa kwa namna nyingine vilitoa 38 na 41, tofauti ambayo si kubwa. Mwezi wa Machi mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kile cha klofenapiri kwa nchi ambazo mbu wao ni sugu.

Kazi ya klofenapiri ni ya kustaajabisha. Yenyewe si kali mpaka iingie mwilini mwa mbu na kugeuzwa na vimeng'enya vyake. Na vimeng'enya hivyo ni wa ukoo ule ule unaomwokoa na sumu ya pareto. Silaha yake inamgeukia mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, majaribio yameonyesha kwamba chandarua kilichotiwa kitu cha kuvifunga vimeng'enya kinaweza kuiharibia klofenapiri kazi yake vikitumika pamoja, ingawa kila kimoja peke yake ni kizuri. Anayedhani kwamba vitu viwili vyema vikijumlishwa huwa chema zaidi na aizingatie habari hii.

Lakini tukumbuke hesabu yetu ya pale juu. Mahali ambapo mbu hawajali tena pareto, chandarua cha dawa mbili ni chandarua cha dawa moja, na dawa hiyo ni klofenapiri. Na klofenapiri haikutengenezwa kwa ajili ya mbu. Ni dawa ya shamba, inayouzwa katika nchi nyingi kwa ajili ya mboga na mazao mengine, na nondo wa kabichi katika baadhi ya nchi ameshaanza kuishinda. Siku itakapokuwa inanyunyizwa kila wiki juu ya nyanya zilizopandwa kando ya bonde la mpunga lenye maji yaliyotuama, tutakuwa tumeanza upya safari ya Pemba, na safari hii bila ya dawa ya akiba ya kukimbilia.

Hatusemi haya ili kumlaumu mkulima wa mboga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta kwamba karibu theluthi moja yao walichanganya dawa katika bomba, na hakuna maelezo juu ya michanganyiko hiyo waliyoyapata, si katika kibandiko cha chupa wala kwa bwana shamba. Mtu mwenye deni la mbegu na nyanya zinazooza mbele ya macho yake atachanganya chochote. Mshauri wake ni mwenye duka, na mwenye duka ana chupa za kumaliza. Sioni haya ya mkulima hapo; haya ni ya sisi tuliopewa dhamana na kuliacha duka liwe skuli ya kilimo.

Lipo jambo dogo ambalo lingeanza kesho bila ya kungoja fedha za wafadhili. Dawa za wadudu duniani zimepangwa katika makundi kwa namba, kulingana na mahali zinapompiga mdudu. Za pareto ni kundi la 3A. Oganofosfati ni 1B, na jamii ya bendiokabu ni 1A. Na hizo mbili, ingawa ni makundi mbalimbali, humpiga mdudu mahali pamoja, hivyo kuzichanganya ni kujidanganya. Klofenapiri ni 13. Chupa nyingi tayari zina namba hiyo. Pasipokuwa na namba, dawa isiingie bandarini. Na kila bwana shamba na bibi shamba, na kila sheha mwenye mabonde ya mboga katika shehia yake, ajue kuisoma, ili mkulima aonyeshwe kwamba chupa mbili alizozinunua kwa majina mawili na bei mbili ni 3A na 3A.

Lililo kubwa linawahusu wakubwa wenyewe. Wenye kupima usugu wa mbu wako katika afya. Wenye kuruhusu dawa za mashamba wako katika kilimo. Kila upande una daftari lake, na madaftari hayo hayana budi kuwekwa juu ya meza moja kabla ya kila masika, wakati wa kuamua dawa gani inunuliwe kwa ajili ya kuta na vyandarua, na ipi isiuzwe kwa ajili ya nyanya na kabichi mwaka huo. Klofenapiri tunaitaka itengwe kwa chandarua peke yake katika visiwa hivi. Kisiwa kina neema ambayo Misungwi haina: mipaka yake ni bahari, na dawa haziingii ila kwa bandari na viwanja vya ndege ambavyo idadi yake inahesabika kwa vidole. Gezira ilichukua zaidi ya miaka 20 kutoka upuliziaji wa mara moja hadi kuiondoa DDT. Mbu wa Pemba walihitaji kama miaka mitano. Kwa hiyo kikao hicho cha wizara mbili tunakiomba kwa mwaka huu wa fedha, na orodha ya dawa zitakazotengwa itangazwe hadharani, ibandikwe katika kila duka la pembejeo kutoka Micheweni hadi Kizimkazi.